Ngazi za Nyuma

Nyumba ya Bi Edith ilinukia nta ya mbao na maua yaliyokaa siku nyingi kwenye maji. Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa, na mama hakuwa na wa kuniachia, hivyo kila asubuhi tulitoka kwenye chumba chetu cha kupanga, mtaa wa Parkdale, huku ugenini, tukaenda pamoja kwenye nyumba hiyo ya matofali aliyokuwa akiisafisha, iliyobanana na nyingine kama hiyo katika safu moja ndefu. Bi Edith, mwenye nyumba, alikuwa amestaafu kufundisha usanifu wa majengo, na kwa kukosa wanafunzi akanifundisha mimi. Alinionyesha dirisha la juu ya mlango, lililotanuka kama upepeo, na jinsi madirisha ya sebuleni yalivyokuwa marefu na yale ya ghorofa ya mwisho mafupi, kwa sababu huko walilala watumishi. “Nyumba ya mtindo huu inamjua kila mtu,” aliniambia kwa Kiingereza. Ngazi pana za mbele, zenye kishikio kilichopinda taratibu, zilikuwa za wenyeji na wageni. Nyuma ya jiko kulikuwa na nyingine, nyembamba, za giza, zimesimama karibu wima. Hizo ndizo alizopita mama.

Mimi nilihesabiwa mgeni, na nilipenda mno. Siku moja mama alibeba kapu la shuka, magoti yakimuuma, akaweka mguu kwenye ngazi za mbele. Bi Edith alikuwa akisoma, hata hakumwona. Mimi ndiye niliyemwona. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, ili Bi Edith asikie: “Mama, ngazi zako ziko kule.”

Mama aligeuka polepole. “Unasema na nani, Rehema?”

“Na wewe. Ndivyo nyumba ilivyojengwa.”

Bi Edith alicheka, akapiga makofi. “Huyu amenielewa kuliko wote niliowafundisha!” Mama akashusha mguu, akaenda nyuma na kapu lake. Haukupita muda tukasikia kishindo. Tulimkuta chini, mguu umepinda vibaya, shuka zimetapakaa. Bi Edith aliokota moja, akatazama doa la damu. “Hii ni kitani halisi,” alisema.

“Piga simu, mwanangu,” mama alisema. Simu ilikuwa ukutani, karibu nami. Nilimtazama kwanza Bi Edith, nikangoja ruhusa.

Sasa tunaishi mji wa jirani, Mississauga, mimi na mama. Nachora majengo, kazi ambayo bila Bi Edith nisingeifikiria, na mama hutembea kwa fimbo. Zamani nilimjibu kwa Kiingereza kila aliposema nami. Ukubwani nimejifunza upya Kiswahili, na majira ya baridi yaliyopita nilikitumia kumwomba msamaha kwa maneno yale ya ngazi.

“Yale ya ngazi nilishayasahau,” alisema, akimenya viazi. “Ulikuwa mtoto, ulitaka kusifiwa. Lakini pale chini nilikuita mara tatu.”

Mimi nakumbuka mara moja tu.