Pigo Linalochelewa

Saa nne asubuhi jua la Lafey, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, limeshakuwa kali. Osob Diriye anazima taa ya chumba cha wagonjwa na kuziba dirisha kwa blanketi.

Kitandani amelala Lul, bibi harusi wa siku kumi, anayelalamikia kizunguzungu. Kidole chake kimebanwa na kifaa kidogo kinachopitisha mwanga kwenye damu na kupima muda kati ya pigo moja la moyo na jingine, hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Namba zinarukaruka.

Osob, 34, ni fundi wa vifaa katika zahanati hii. Kazi yake ni kuondoa vurugu zinazoingia kwenye kipimo: mwanga wa jua, taa inayomemeteka, mgonjwa anayetikisika. Na hina nyeusi ya harusi, inayozuia mwanga usipenye ukucha.

Hina ndiyo inayomnyima usingizi. Miezi miwili iliyopita alimpima bibi harusi mwingine, Idman, namba zikacheza hivi hivi. Aliiambia familia ni hina tu, akakirekebisha kifaa kitoe wastani wa mapigo ishirini, na namba zikatulia. Siku ya nne Idman alizikwa.

"Nilisafisha namba mpaka nikafuta ugonjwa wenyewe," anasema, macho sakafuni. "Sasa nikiona hina naogopa."

Leo Madina, mama mkwe wa Lul, hataki kucha zikwaruzwe. "Abaayo, dada yangu, hii hina ni ya harusi," anamwambia. "Ukitoa, watu watasema ndoa imevunjika."

Osob habishani. Anaomba wanaume wa familia watoke, kisha anapitisha mkono chini ya hijabu ya Lul na kubana kifaa kwenye ndewe ya sikio. Huko hakuna hina, na kitambaa kizito kinazuia jua. Safari hii hatumii wastani, anasoma pigo moja moja kwa dakika tano.

Namba zimeacha kurukaruka ovyo. Ila kila pigo la tano linachelewa, tena na tena.

"Eedo, shangazi, si hina," anamwambia Madina. "Ni moyo. Apelekwe Mandera leo."

Barabara hiyo haina anayeipenda kwa sababu ya mashambulizi, na msafara unaosindikizwa na askari unaondoka saa sita. Madina anamuuliza mara tatu kama ana hakika. Osob anakiri kwamba anaiogopa barabara kama wao, lakini kaburi la Idman analiogopa zaidi.

Saa kumi simu inaita. Lul amefika salama, mashine ya hospitali imeona pigo lilelile, na ameanza kutibiwa. Osob anakaa chini na kulia.

Anapanga kushona vibanio vya sikio vyenye kitambaa cheusi, kila zahanati ya mpakani ipate kimoja. Lakini kwanza, Ijumaa, ataenda kwa mama yake Idman kumwambia kwamba haikuwa hina.

"Kwa neno langu anaamini hina ilimuua mtoto wake," anasema Osob. "Na ni yeye mwenyewe aliyempaka."