Kipande Kilichokatwa

Mji wetu wa Dodoma una Bunge moja linalojulikana, na lingine linakaa sebuleni kwangu Ipagala kila Jumapili alasiri. Hili langu lina waheshimiwa watatu: mume wangu, kinyozi wa mtaani kwetu, na mwalimu mstaafu ambaye ndiye spika kwa sababu ndiye anayekalia kochi lisiloyumba. Hoja ni ileile mwaka hadi mwaka: ni filamu gani ya zamani itakayotolewa upya kwenye diski, picha ikiwa imesafishwa, na itatoka lini. Watoaji wa filamu hizo wako ng'ambo na hawajawahi kuwauliza waheshimiwa hawa maoni yao. Hilo halijapunguza urefu wa kikao hata siku moja.

Wote watatu ni wakusanyaji. Kinyozi ameweka kanda na diski zake dukani, kwenye rafu ya juu ya taulo. Za Mwalimu zimo kwenye sanduku la bati alilokwenda nalo chuoni. Za mume wangu zimeteka kabati langu la vyombo, kwa hiyo sahani za wageni zinaishi chini ya kitanda, na mgeni wa heshima akija mimi hupiga magoti kwanza ndipo nimpakulie.

Kampuni moja ya huko ng'ambo ina mchezo wa kuweka mchoro mdogo kwenye ukurasa wake ili mashabiki wakisie filamu inayofuata. Siku ulipotoka mchoro wa ndoo, chai yangu ilipoa mezani.

"Naomba kutoa taarifa," Mwalimu alisema, akasimama kabisa. "Ndoo ile ina mpini wa kamba. Hiyo ni filamu ya kijijini, tena ya kabla ya rangi."

"Mwalimu, ndoo ni ndoo," kinyozi akamjibu. "Shemeji, hebu tuamulie."

Niliwaambia ndoo hiyo inanikumbusha kwamba maji hayajatekwa. Filamu ilipotoka ilikuwa ya wazima moto, na hakuna mheshimiwa aliyejiuzulu.

Halafu kuna suala la vumbi. Wanaosafisha filamu wakati mwingine huharibu rangi, vumbi likawa la njano utadhani limetiwa bizari, na wangu hawa hukasirika kama wametukaniwa mama. Mimi huwacheka, lakini hapo nawaelewa. Mtu wa Dodoma unaweza kumdanganya kuhusu theluji, bahari na hata mapenzi, lakini vumbi analijua.

Filamu iliyosubiriwa kwelikweli, hata hivyo, ilikuwa moja tu, na aliyeisubiri alikuwa mume wangu.

Marehemu baba mkwe alikuwa na banda la video mjini, na mtafsiri alikuwa yeye mwenyewe. Alikaa kwenye stuli kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watu kwa Kiswahili yanayosemwa kwenye filamu. Lugha za filamu zile hakujua hata kuombea maji. Hilo nalo halikumzuia. Nadhani ni ugonjwa wa ukoo. Kwa maneno yake, wapanda farasi wa ng'ambo walitoroka kupitia Kongwa, wakajificha Mlali, na mchumba akikataliwa ilikuwa kwa sababu ng'ombe wa mahari wamekonda. Watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia filamu.

Mwaka mmoja mvua ziliwahi, na shamba lake la alizeti lilikuwa hukohuko Mlali. Akaamua kurekodi sauti yake juu ya kanda ya filamu moja ili banda liendelee bila yeye. Wateja hawakupenda, maana sauti ya kwenye kanda haikuweza kumtania mtu aliyeingia kachelewa. Hakurudia tena. Kwa hiyo duniani kote sauti ya baba mkwe imebaki kwenye kanda hiyo moja. Alifariki ghafla shambani, mume wangu akiwa chuoni mbali, na alipofika alikuta wameshamzika.

Kanda yenyewe iliingia ukungu. Picha imebaki chenga tupu, lakini sauti ipo. Mume wangu hakuwa anaipiga, akiogopa itakatika. Alikuwa na mpango mmoja: filamu ile itolewe upya ikiwa safi, aweke picha ya diski na sauti ya kanda, akae aone alichokuwa anakiona baba yake wakati akisema maneno yale. Mara moja tu, alisema, basi.

Ni hadithi ya kijana anayeondoka kwao kufuata farasi walioibwa. Katika kanda za zamani kijana anaamka asubuhi nyumbani, picha inaruka, na ghafla yuko mji wa mbali, ndevu zimeshaota, na kichwani ana kofia yenye tundu. Kuna kipande kilikatwa. Baba mkwe alikifunika kwa maneno ambayo kila aliyepita katika banda lile anayakumbuka: "Hapo katikati kuna mambo ya kifamilia, jamani, hayatuhusu. Tuendelee."

Kipande hicho kimekula Jumapili nyingi kuliko ndoo. Kinyozi, aliyekuwa mteja wa banda tangu hajaota ndevu, aliapa kwamba ni mapigano makubwa. Mwalimu alisema ni mambo ya watu wazima, akasema huku akiangalia zulia. Mume wangu ndiye pekee ambaye hakuwahi kukisia.

Mwaka jana ukatoka mchoro wa kofia yenye tundu. Kinyozi alipiga kelele hadi mbuzi wa jirani wakaitikia. Mwalimu akataka utulivu, naye mwenyewe hakuwa nao. Mume wangu aliinuka, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Hapo ndipo nilipojua jambo ni zito, maana mume wangu haoshi vikombe.

Safari hii walikuwa wamepatia. Filamu ilitangazwa, tena nzima, na kipande kilichokatwa kimerudishwa. Ofisini kwetu Mtumba kuna dada aliyekuwa anakwenda semina nje, nikamfuata na maandazi ya moto.

"Wenzako wananiagiza manukato," alisema, "wewe diski ya farasi?"

Nikamwambia ni ya mgonjwa. Sikuona kama nimedanganya sana.

Diski ilipofika, Mwalimu alikuja amevaa koti lake la Krismasi. Kinyozi alikuja na pamba na spiriti ya dukani kwake, akaifungua deki ya zamani na kuisafisha kwa makini kuliko anavyosafisha shingo za wateja. Diski ikatoa picha kwenye televisheni, sauti yake ikazimwa. Deki ikaunganishwa na sabufa. Mume wangu alishika rimoti mbili, moja ya diski, moja ya deki.

Picha ikaja. Mwalimu akainama kwenye kioo, akakagua barabara nzima, akarudi kwenye kochi.

"Vumbi limepita," alitangaza.

Kisha sabufa ikakohoa, na mzee ambaye sikuwahi kukutana naye akasema sebuleni kwangu: "Karibuni. Wa nyuma msisukume."

Mume wangu hakuangalia picha. Aliiangalia sabufa. Ilichukua muda mpaka akageukia kioo, na tangu hapo alikuwa anacheka kabla utani haujafika, kinyozi naye vilevile, wanaume wazima na ndevu zao. Kanda ilikuwa ikitangulia kidogo, naye akawa anaisimamisha na kuiachia, akimngoja baba yake na baba yake akimngoja yeye. Niliacha kujifanya nachambua mchele.

Tukafika asubuhi ile. Kijana akaamka. Mume wangu akasimamisha kanda, maana yaliyofuata hayakuwamo humo.

Hapakuwa na mapigano. Hapakuwa na mambo ya watu wazima. Palikuwa na mzee mmoja, ameketi karibu na moto. Akainuka, akaufunga upya mzigo wa mwanawe uliokuwa umelegea, akavua kofia yake yenye tundu na kumvika kijana. Midomo yake ikawa inacheza na hatusikii kitu.

"Anasema nini?" kinyozi alinong'ona.

Mwalimu akanyoosha mkono kutafuta maandishi ya Kiingereza kwenye rimoti. Mume wangu akatikisa kichwa. Akakohoa, kikohozi kilekile cha sabufa, na sauti iliyotoka haikuwa ninayoijua mimi.

"Mzee anasema, funga vizuri huo mzigo. Usipite korongoni, mvua zimewahi mwaka huu. Na ukirudi usiponikuta nyumbani, usihangaike. Nitakuwa shambani, nifuate huko."

Kwenye kioo kijana alifungua mdomo, akasema neno moja fupi. Mume wangu akalitafsiri.

"Kijana anasema, haya, baba."

Nililia, na sioni aibu kusema. Mwalimu alitoa leso ya koti la Krismasi akaikazia macho, hakuitumia. Kijana akapanda farasi, mzee akabaki mlangoni akizidi kuwa mdogo, kisha picha ikabadilika na tukauona ule mji wa mbali na zile ndevu. Hakuna mheshimiwa aliyeomba kutoa taarifa.

Mume wangu akaiachia kanda.

"Hapo katikati kuna mambo ya kifamilia, jamani," baba yake akasema, "hayatuhusu. Tuendelee."