Simu Iliyolazwa Juani

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Garsen, simu zilichajiwa juani. Sola ilikaa juu ya paa la mabati, na simu ikalazwa papo hapo juu yake, maana hapo ndipo mtandao uliposhika. Wafugaji wote wa upande wetu tulifanya hivyo, na hatukuona ubaya.

Simu ya baba ilikuwa ya vitufe, na ndani yake alikuwemo mama. Dada yangu alimrekodi siku moja akikamua, akiwaimbia ng'ombe wake kwa Kiorma na kuwaita mmoja mmoja kwa majina. Mama alipofariki, baba aliufungua wimbo ule kila magharibi, wakati wa kukamua. Ng'ombe nao walitulia, sitanii.

Kiangazi kimoja, mchana, baba aliiteremsha simu akakuta kioo cheusi tii. Akabonyeza, akaipigapiga kiganjani, wapi. "Mama yenu amekufa mara ya pili," alisema. Kwetu mzoga haulali bomani. Akatoa laini, akashuka hadi anaponywesha mifugo, akaitupa simu mtoni Tana. Mimi nilikuwa chuoni, nilisimuliwa tu.

Leo nafundisha fizikia. Mwaka huu nilifika kwenye somo la fuwele kimiminika, ule utandu mwembamba uliomo ndani ya vioo vya simu na vikokotoo. Chembe zake hujipanga kama ng'ombe waendao kisimani. Ukiziwekea nguvu ya umeme zinageuka, zinaziba mwanga, na tarakimu inaonekana. Nikasogeza kikokotoo changu kikuukuu karibu na jiko la mkaa. Kioo chote kikawa cheusi: joto limezivuruga chembe, hazisikii tena umeme. Nikakiweka kando ya mtungi wa maji. Kilipopoa, tarakimu zikarudi zote.

Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilibaki nimekishika kile kikokotoo, moyo unaniuma. Laiti baba angeiacha ile simu kivulini mpaka magharibi tu.

Jioni nilimkuta baba zizini. Nikamweleza somo la siku, kama kawaida yangu, na katikati nikajuta kuanza.

"Sasa ile simu yangu, mwalimu. Ingeamka?"

"Hapana, baba. Ile ilikuwa imeungua kabisa."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Siku zote nilikuwa naogopa nilimtupa akiwa hai."