Wimbo wa Matanga Pasipo Maiti

Tangu nimalize shahada ya muziki nimeomba ufadhili mara nyingi, hata naogopa kufungua barua pepe. Nisipojibiwa, nadhani nilisahau kiambatisho. Nikijibiwa, naiacha siku nzima kabla ya kuisoma. Kwa hiyo tangazo la ruzuku kwa vijana wanaokusanya nyimbo za kale nililisoma siku tatu, chumbani kwangu Amalemba, mjini Kakamega, kabla ya kuandika neno. Walitaka sauti ya dakika tatu. Niliujua wimbo wenyewe: ule nyanya yangu anaouongoza matangani, ambao hakuna wa rika langu anayeujua wote.

Shida ni kwamba kwetu Mautuma wimbo wa matanga hauimbwi bila maiti. Ukiuimba bure, umemwita mtu. Mimi msomi, nasema siamini hayo, lakini nilipofika nyumbani nilimwomba nyanya nikiangalia sakafu.

"Kukhu, kama hutaki tuache."

"Unaogopa nini? Wa kuitwa hapa ni mimi, na mahindi yangu bado iko shambani. Washa simu."

Tulifunga mlango na dirisha. Aliimba ameketi, viganja juu ya magoti, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotarajia. Nilikodolea macho kifua chake kikipanda na kushuka. Kwenye ubeti wa tatu nikasikia kilio nje. Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha: jirani yetu alikuwa anakuja mbio, leso kiunoni, mikono kichwani.

"Uuuwi! Ni nani? Ni nani ametuacha?"

Nyuma yake walikuja wanawake wengine wawili. Nyanya akafungua mlango mwenyewe. Jirani alipomwona, aliketi kwenye matope.

"Mama, si nimeshakulilia!"

"Basi siku yenyewe utapumzika."

Wale wawili walicheka. Jirani hakucheka. Alinigeukia mimi. "Wewe, umetafuta kazi Kakamega yote ukakosa, sasa unaitafuta kwa kifo chetu?"

Nilizima rekodi. Fomu iliuliza kama wote wanaosikika wameridhia, na kilio chake kilikuwa ndani ya rekodi. Kesho yake nilienda kwake, maneno nimeyakariri njia nzima.

"Tuma," alisema bila kuacha kupukuchua mahindi. "Lakini huyo mama akishikwa hata na homa, nitasema mbele ya watu ni nani alimwita."

Nilituma. Tangu siku hiyo nampigia nyanya asubuhi na jioni, nikisikiliza pumzi zaidi ya maneno.

Wiki iliyopita walijibu kwamba nimechaguliwa. Wanataka nyimbo kumi zaidi, zote za matanga, kama nilivyoahidi kwenye maombi yangu. Nikampigia nyanya. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, kimya. Mara ya tatu alishika akihema. Alikuwa anafukuza kuku.

Nikamwambia habari. Hakushangilia.

"Kumi?" akauliza. Kisha: "Kumi ni mingi, mjukuu wangu."

Sijawahi kumsikia akiongea polepole hivyo.

Nikawaandikia wafadhili, nikiomba niwaletee nyimbo za harusi badala yake, ingawa najua wanaweza kumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Mimi husoma barua mara saba kabla ya kuituma. Hii sikuisoma hata mara moja.