Masaa Matatu, Kiangazi au Mvua

Juzi, katika ofisi ya tiketi za ndege hapa Kolwezi, mama mmoja wa Musumba, mbali huko vijijini, alitaka kwenda Guangzhou kununua vitenge, kisha Beijing kumuona binti yake anayesoma huko.

"Guangzhou mpaka Beijing ni karibu kilometa elfu mbili," karani akamwambia. "Ndege inafanya masaa matatu."

Mama akakunja uso. "Matatu ya kiangazi ao ya mvua?"

Karani akacheka peke yake. Sisi kwenye foleni, tunaoijua barabara ya Musumba, ikilowa masaa yanageuka siku, tulikuwa tunangoja jibu.

"Ni sawasawa, mama."

Mama akapiga vigelegele, akampigia binti simu: "Mutoto, weka mayi ya bukari pa moto, mi niko nakuja!"

Safari ni mwezi ujao. Maji ya ugali na yachemke.