Mafuta ya Kiboko

Mama yangu hakuficha ugonjwa wake. Nasema hivi kwa sababu msibani kwake mtu alitamka kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nami mpaka leo, kizee nisiye na meno, methali hiyo ikitajwa nainuka na kuondoka.

Alikuwa akishikwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yakapanda mpaka begani, akatapika nyongo. Yalimjia akila vinono. Uji mtupu haukumdhuru.

Mwaka wa vita, baba alikunywa maji ya dawa pamoja na wanaume wengine wa bondeni, wakapanda Mahenge kulishambulia boma la Wajerumani. Dawa ile, waliambiwa, itageuza risasi kuwa maji. Ilikuwa na miiko yake, na wake walioachwa nyumbani walitakiwa kuishika pia. Siku hizo wavuvi waliua kiboko mtoni, kila nyumba ikapata mafuta. Mama alikula kama wenzake. Jioni akaanza kugaagaa. Kesho yake zikaja habari kwamba risasi zimebaki risasi, na baba ameanguka mbele ya boma.

Shangazi, dada yake baba, akayaunganisha hayo mawili. Mume kafa, mke anajikunja kwa maumivu. Mvunja mwiko atafutwe wapi tena?

"Umefanya nini?" alimwuliza mbele ya watu.

"Wifi, sikufanya kitu. Ni tumbo."

Wakamnyoa nywele, wakafanya tambiko la kumtakasa, wakamtenga kwenye kibanda cha kuku.

Kisha askari wakachoma maghala, njaa ikaingia. Tulikula mizizi na majani. Ajabu, miezi yote ile tumbo la mama lilitulia. Shangazi akatangaza kwamba tambiko limekubaliwa, nami nikamshukuru, mjinga mimi.

Mavuno yaliporudi, jirani alinasa nguruwe pori. Mama, mifupa mitupu, alikula kwa pupa. Safari hii maumivu hayakumwachia. Homa ikampanda, macho yakawa rangi ya binzari. Wamisionari wa kule mlimani walikuwa na dawa, nilisihi abebwe. Shangazi akakataa. Damu ya ndugu yake, alisema, Mzungu hana dawa yake. Mama alikufa ameshika kidole changu.

Nikiwa mtu mzima, maumivu yaleyale yalinikuta. Daktari wa hospitali ya Ifakara aliniuliza, "Ulikula nini?" Nikaangua kilio, maskini akadhani ameniumiza. Hakuna aliyewahi kumwuliza mama swali hilo. Alinieleza kwamba mawe hujitengeneza ndani ya mfuko wa nyongo, kwamba chakula cha mafuta huyaamsha, na jiwe likiziba njia macho hugeuka njano, na asiyetibiwa anaweza kufa. Wakanipasua. Nikaomba nipewe mawe yangu.

Niliyapeleka kwa shangazi. Alikuwa hai bado, kipofu, anaota jua mlangoni. Nilimwamkia, nikamwekea mawe kiganjani. Aliyapapasa moja moja.

"Ni ya nini haya, mwanangu?"

"Yametoka tumboni mwangu, shangazi. Mama naye alikuwa nayo. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiyaamsha, si mwiko."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na maneno makali ya miaka mingi. Akafumba mkono juu ya yale mawe.

"Mafuta," akasema. "Aliniambia. Nikamwambia anyamaze."