Kitambaa Chekundu Kwenye Bomba la Zahanati

Mumbua alikuja Ganda, kijiji cha pwani, kutoka Kitui mwaka wa themanini na nne, na sanduku la bati na mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio uliompa ukarani wa mradi wa maji. Mradi ulikuwa wa wanakijiji wenyewe. Aliyeona kasoro aliileta kwa karani, na fundi yeyote mwenye nafasi aliichukua, malipo yake ahsante.

Mwaka mzima kasoro zilirundikana katika daftari moja. Koki iliyokaza ilikaa juu ya ombi la bomba jipya, ombi juu ya ua uliovunjwa na ng'ombe, na huko chini kabisa, bomba linalopasuka likingoja kusomwa. Mafundi nao wengi hawakusoma. Basi Mumbua akakata vitambaa, akavifunga kwenye mabomba yenyewe: kijani kwa maombi, njano kwa kinachoweza kungoja, nyekundu kwa kisichongoja. Fundi akimaliza kazi, afungue kitambaa, amrudishie.

Vya kijani vikarudi. Vya njano vikarudi, vingine vimefuliwa. Vyekundu havikurudi hata kimoja.

Siku ya nne tangu afunge chekundu kwenye bomba la zahanati, Dorcas, mkunga wa huko, akasimama mlangoni pa Mumbua mikono kiunoni.

"Karani, kile kiungo cha bomba kilikuwa kinatoka jasho. Leo kinatiririka. Nina wazazi wawili ndani. Kikiachia, watoto niwaoshe kwa mate?"

"Nimekifunga chekundu, dada."

"Chekundu chako nakiona. Fundi ndiye simwoni."

Mumbua akatoka bila kufunga mlango. Njia nzima moyo ulimwambia jambo moja: wamekuchoka, mtu wa bara. Wanafanya madogo makusudi, makubwa yaharibike mikononi mwako. Akaongeza mwendo, masikio yakitafuta mlio wa maji yanayopasuka.

Akamkuta mzee Randu, fundi mkongwe kuliko wote, amechuchumaa kwenye koki yenye kitambaa cha njano. Kutoka hapo hadi zahanati hazifiki hatua thelathini.

"Shikamoo, mzee Randu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema kama uliyefukuzwa na nyuki?"

"Mzee, kitambaa chekundu pale zahanati hukukiona?"

"Nilikiona. Ndiyo maana nikapita mbali."

Randu akaweka spana chini, akamtazama kwa huruma.

"Kwetu, chekundu kikifungwa mahali kina mwenyewe. Kuna mtu ameliweka hapo jambo lake zito. Ukikifungua wewe, umejitwika shida yake. Na wewe umezungusha vyekundu kijiji kizima! Watu wanaulizana, karani huyu anamroga nani?"

"Lakini hicho ndicho nilichotaka, mzee. Mtu ajitwike."

Randu akacheka, kisha kicheko kikamkatika. "Basi ungetuambia. Njoo. Aliyefunga ndiye afunguaye."

Walipofika, maji yalikuwa yamechimba kishimo chini ya bomba. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza. Vidole vya Mumbua viliteleza mara moja, mara mbili. Akalishika kwa meno. Kitambaa kilipoachia, Randu alikuwa amekwisha piga goti, spana imeuma kiungo, mishipa ya shingo imemtoka. Mtiririko ukawa matone. Matone yakawa tone. Kisha bomba likakauka chini ya kiganja chake.

Dorcas akachungulia dirishani. "Yanatoka! Karani, koki ya ndani inatoa!"

Mumbua hakugeuka. Kitambaa kilikuwa ngumini mwake, kikimchuruzikia hadi kwenye kiwiko.

"Umefunga vingine vingapi?" Randu akauliza.

"Viwili. Kimoja ni cha tangi kubwa."

Mzee akainuka polepole, akipangusa magoti. "Tangulia ukafungue, mwanangu. Mimi nakuja nyuma yako na spana."

Mumbua akavua viatu, akavishika mkononi, akakimbia. Kile cha tangini kilikuwa na siku sita.